Nilimnywesha mama dawa ya "kuondoa asidi", sasa kaka anamlaumu daktari

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako siku zote, na sikuwahi kudhani ipo siku nitaandika mimi. Nina miaka 38 na ndiye ninayeishi na mama. Yeye ana miaka 67, ana presha ya muda mrefu, na magoti yanamtesa kiasi kwamba kuinuka kitini ni kazi.

Mwanzoni mwa mwaka nilianza kufuatilia mafundisho ya watu wanaosema kila ugonjwa unatokana na asidi iliyozidi mwilini. Walisema asidi hukaa kwenye viungo, ndiyo maana magoti yanauma, na kwamba mwili ukigeuzwa kuwa wa alkali, yaani kinyume cha asidi, ugonjwa hukosa pa kukaa. Tiba yao ilikuwa nyepesi: kijiko cha chai cha soda ya kuokea, ule unga mweupe wa jikoni, ndani ya glasi ya maji, asubuhi na jioni. Mama hakutaka. Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akakubali.

Nikanunua na vijikaratasi vya kupimia mkojo. Siku ya kwanza kilibaki njano. Baada ya siku chache kikageuka kijani, kisha bluu, na mama akaniita kutoka bafuni kwa sauti ya furaha, "Njoo uone!" Tukakumbatiana pale mlangoni. Tangu hapo kila alfajiri tunakaa mezani, mimi na glasi yangu, yeye na yake, tunazungumza mpaka jua litoke. Sikujua kwamba alianza kuongeza mwenyewe. Vijiko viwili kwa siku vikawa vitatu, na siku nyingine vinne, ili rangi isirudi njano.

Mwezi wa tatu akaanza kuchoka ovyo. Vigimbi vilimkaza usiku, na midomo ikawa inakufa ganzi. Nikamwambia ni sumu inatoka, maana ndivyo tulivyofundishwa. Halafu asubuhi moja akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Hospitali, muuguzi alimfunga mkanda wa presha, akaujaza upepo, mashine ikagoma kusoma, akarudia. Nilikuwa nimekaa upande ule ule. Mkono wa mama ulijikunja wenyewe, kifundo kikapinda, kidole gumba kikaingia ndani ya kiganja, vidole vingine vikanyooka na kukutana nchani kama vya mtu anayetaka kuchota chumvi. Mama aliutazama mkono wake kama si wake. Sijaacha kuiona picha hiyo.

Majibu ya damu niliyanakili: pH, kile kipimo cha asidi na alkali ambacho namba ikipanda ualkali umezidi, 7.55; bikaboneti 41, potasiamu 2.6. Daktari alisema hali hiyo inaitwa alkalosisi, yaani damu imezidi ualkali. Akauliza mama anatumia dawa gani. Kaka akataja vidonge vya presha, vile vinavyoongeza mkojo. Daktari akauliza, "Hakuna kingine?" Mama akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Daktari akaamua kwamba vidonge ndivyo vilivyomwangusha, akavisimamisha. Mama akawekewa dripu na potasiamu, akalazwa siku nne.

Usiku ule nikiwa kwenye korido moyo ulinienda mbio, nikahema bila kupata pumzi ya kutosha, midomo ikafa ganzi na vidole vikawa kama vinachomwa sindano. Nami nilikuwa nikinywa kijiko kimoja kila asubuhi. Nikajua zamu yangu imefika. Baada ya nusu saa ikaisha, lakini imenirudia mara mbili nyumbani.

Mama yuko nyumbani siku ya kumi sasa. Kaka anaandaa malalamiko rasmi dhidi ya daktari wa kliniki aliyemwandikia vile vidonge, anasema alitaka kumuua mama. Kliniki ni wiki ijayo. Juzi alfajiri mama alikaa mezani akaniuliza, "Glasi yangu iko wapi?" Nikamwambia unga umekwisha. Akanishika mkono: "Hayo ni yetu mimi na wewe. Kaka yako asijue."

Nikisema, nimemsaliti mama, na kaka hatanisamehe kwa kumtilia mama sumu. Nikinyamaza, kuna daktari anabeba lawama yangu. Nifanyeje, Shangazi?

Binti Mwenye Siri

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale mama alipokutazama nawe ukatazama sakafu, nasimama kwanza. Umeniuliza useme au unyamaze. Lakini ninavyokusikia, swali hilo limebebana na mengine: kama wewe ndiye uliyemwangusha mama, kama mwili wako nao umeharibika, na utamwambia nini kesho alfajiri akikaa tena mezani.

Hilo la glasi nitalitanguliza kwa sababu haliwezi kungoja kliniki. Usimrudishie, na yako pia iache. Na mama akianza tena kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, kukazwa na misuli, kushtukashtuka, au moyo kumpiga bila mpangilio, usingoje siku ya miadi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na mara hii useme kila kitu. Mengine yote tunaweza kuyatazama taratibu.

Umetumia neno sumu. Nataka tulichunguze hilo neno, kwa sababu linakufanya ujione mhalifu, na pia linaficha kilichotokea hasa.

Damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Tayari ina ualkali kidogo, haikuhitaji kugeuzwa. Mwili unailinda nafasi hiyo nyembamba usiku na mchana. Mapafu hutoa hewa ukaa, ambayo ikibaki kwenye damu huifanya iwe na asidi zaidi, na mapafu hurekebisha mambo kwa dakika chache tu, kwa kupumua haraka au polepole. Figo huenda kwa mwendo wa saa na siku: hutupa asidi, na bikaboneti ikizidi huitupa pia kwenye mkojo. Bikaboneti ndiyo iliyomo ndani ya ule unga wenu wa jikoni. Kwenye damu kiwango chake cha kawaida ni karibu 22 hadi 26. Mama alikuwa na 41.

Sasa kumbuka siku ile ya bafuni, karatasi ilipogeuka bluu mkakumbatiana. Mkojo unaweza kushuka hadi karibu pH 4.5 na kupanda hadi 8 damu ikiwa imetulia palepale, kwa sababu mkojo ndiko mwili unakotupia kilichozidi. Mliyokuwa mkiiona kwenye karatasi ni figo za mama zikifanya kazi ya kuitoa soda mliyoiingiza. Kadiri alivyoongeza vijiko, ndivyo zilivyotupa zaidi, na karatasi ikazidi kuwa bluu. Naona uchungu ninapoandika haya, kwa sababu mlikuwa mkishangilia dalili iliyokuwa ikiwaonya.

Mtu mwenye figo imara hustahimili bikaboneti nyingi kwa muda kabla damu yake haijayumba, na pengine ndiyo maana wewe na kijiko chako kimoja hukuona kitu. Kwa nini basi mama akaanguka? Hapo ndipo vile vidonge vinapoingia. Dawa za presha zinazoongeza mkojo hutoa maji na chumvi, na pamoja navyo kloridi (iliyo sehemu ya chumvi) na potasiamu. Mwili ukishapungukiwa na vitu hivyo, figo hushindwa kuitupa bikaboneti; huikamata na kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo ulikuwa ukimimina maji kwenye ndoo, na vidonge vikawa vimeziba tundu la kutolea. Umri nao hupunguza nguvu ya figo. Vidonge hivyo peke yake huweza kuleta alkalosisi, ndiyo maana daktari wa hospitali alivishuku. Soda peke yake, kwa wingi, nayo huweza. Kwa mama zilikutana.

Unaona tofauti? Kaka amechukua nusu ya habari akamfanya mtu mwingine muuaji, nawe umechukua nusu iliyobaki ukajifanya mwenyewe muuaji. Daktari wa kliniki aliandika dawa ambayo watu wengi wa presha hutumia, bila kujua kilichokuwa mezani kwenu kila alfajiri. Wewe ulimpa mama kitu cha jikoni, bila kujua vidonge vyake vinafanya nini ndani ya figo. Na mama mwenyewe aliongeza vijiko bila kukuambia. Simlaumu. Nakukumbusha tu kwamba ni mtu mzima aliyetamani kupona, na katika barua yako umemwandika kama mtoto uliyemnywesha kwa nguvu.

Ule mkono nao una maelezo yake, na nadhani ukiyajua utaacha kukutisha. Damu ikizidi ualkali, protini zilizomo ndani yake huikamata kalisiamu, na ile iliyo huru hupungua. Mishipa ya fahamu huitegemea kalisiamu huru ili itulie. Ikipungua, hushtuka ovyo. Ndiyo ganzi ya midomo, ndiyo misuli ya vigimbi. Mkanda wa presha ukiubana mkono kwa muda, damu ikazuiliwa, mishipa iliyokwisha kushtuka huikunja misuli kwa umbo lile lile ulilolieleza. Madaktari wanalijua umbo hilo na wana jina lake. Hutokea kalisiamu huru inapopungua. Potasiamu 2.6, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5.0, ilimlegeza misuli na kuuweka moyo wake hatarini. Kwa hiyo yale uliyoyaita sumu inatoka yalikuwa mwili unaishiwa na vitu unavyovihitaji.

Unaweza kuiona 7.55 kuwa ndogo, imepita mpaka kwa sehemu ndogo tu. Lakini kipimo hiki, alichokibuni mwanakemia wa Denmark Søren Sørensen mwaka 1909, hakiendi kama rula. Kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Kutoka 7.40 hadi 7.55, asidi iliyo huru kwenye damu imepungua kwa karibu asilimia 30. Ubongo na moyo hulihisi hilo.

Na yaliyokupata kwenye korido? Sikuwepo, wala mimi si daktari wako. Lakini kijiko kimoja kwa mtu wa umri wako hakielekei kuleta kitu kinachokuja ghafla na kuisha baada ya nusu saa. Yako inafanana zaidi na alkalosisi inayoingia kwa mlango mwingine, wa pumzi. Mtu akiingiwa na hofu, huhema haraka na kwa kina, akatoa hewa ukaa nyingi kuliko ile mwili unayoizalisha. Damu inazidi ualkali ndani ya dakika, kalisiamu huru inashuka, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana, ndipo kizunguzungu na ganzi vinapoanza. Ganzi inaongeza hofu, hofu inaongeza kuhema. Inashangaza kidogo kwamba usiku ule mama na binti, kila mmoja kwa njia yake, mlikuwa pengine mmeugua kitu chenye jina moja.

Usijitibu kwa kupumulia ndani ya mfuko, kama watu walivyokuwa wakifundishana zamani. Ikiwa tatizo ni moyo au mapafu, unajinyima hewa unayoihitaji. Keti, toa pumzi polepole kupitia midomo iliyobana, iwe ndefu kuliko ile unayovuta. Na kwa kuwa imekurudia mara mbili, nenda ukapimwe. Kuhema ghafla kunaweza pia kutokana na damu iliyoganda kwenye mapafu au ugonjwa wa moyo, na hilo haliamuliwi kwa barua. Ukifika, sema na habari ya kijiko.

Turudi kwenye magoti, kwa sababu yote yalianzia hapo. Sidhani ulikuwa mjinga kuamini. Ipo jongo, ambayo hutokana na asidi ya yuriki kuganda kwenye viungo, na wapo wagonjwa wa figo ambao madaktari huwaandikia bikaboneti kwa kipimo maalumu, kwa sababu damu yao kweli imezidi asidi. Anayefundisha huokota vipande hivyo vya kweli, akavishona pamoja, na nguo inayotoka inapendeza. Lakini maumivu ya magoti kwa mtu wa umri wa mama mara nyingi ni ya kuchakaa kwa kiungo, na ualkali wa damu hauwezi kukirudisha kilicholika. Kuna jambo moja pia ambalo huenda hakuna aliyekuambia: kijiko cha chai cha unga ule kina karibu miligramu 1,200 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku. Kwa vijiko vitatu au vinne, hata kabla ya alkalosisi, presha ya mama huenda ilikuwa ikichochewa.

Sasa siri yenyewe.

Unaweza kumpigia daktari simu au kwenda kumwona peke yako kabla ya miadi. Faida yake ni kwamba habari inafika upesi. Akiamini vidonge peke yake ndivyo vilivyosababisha, anaweza kumnyima mama dawa inayomfaa, au kumpa nyingine bila kujua kwamba soda huenda ikarudi. Hatari yake ni mama kusikia kwamba mlimzungumza nyuma ya mgongo wake. Anaweza asikuamini tena, na safari ijayo akinywa kitu atakificha na kwako pia.

Unaweza kuanza na mama mwenyewe, umweleze kama nilivyokueleza, kisha umwombe aseme kliniki kwa kinywa chake, nawe ukiwa kando. Mimi moyo wangu unaegemea huko, lakini nakiri sijui ugumu wake; wewe ndiye unayemjua. Anaweza kukataa. Akikataa, siku zinakimbia, na itakubidi umwambie wazi mapema: "Mama, kwa kaka nitakuachia useme wewe, lakini kwa daktari siwezi kunyamaza." Siri ya nyumbani ni kitu kimoja, daktari kutibu bila kujua ni kingine. Huenda mama mwenyewe hajawahi kuzitenganisha.

Huenda unaogopa daktari atakukaripia. Inawezekana akaonyesha kukerwa; wapo wa namna hiyo. Wengi zaidi watashusha pumzi, kwa sababu bikaboneti ya 41 huenda imekuwa ikiwauliza swali ambalo vidonge peke yake havikulijibu vizuri.

Kwa kaka, sijui. Hasira yake naisikia kama hofu ya mtoto aliyemwona mama yake akisahau majina. Ukimweleza leo, atarusha hasira hiyo kwako, na utaibeba kwa muda. Ukingoja mpaka malalamiko yafike mahali, kuna mtu atakayeitwa kujieleza kwa jambo asilolijua lote, na ukweli ukitoka baadaye, kaka ataona umemwacha aaibike peke yake. Labda yapo maneno ya katikati: umwombe asipeleke chochote mpaka kliniki ipite, kwa kuwa kuna jambo ambalo daktari anapaswa kulisikia kwanza. Hilo halimdanganyi, na halitoboi siri ya mama.

Nilichobaki nacho ni ile alfajiri. Mama amelazwa siku nne, amechomwa sindano, amepotewa na majina, na bado anaidai glasi. Najiuliza kama anachokidai ni soda. Umeandika mwenyewe: mnakaa, mnazungumza, mpaka jua litoke. Huenda kabla ya hapo hakuwa na saa yoyote ya siku ambayo binti yake ni wake peke yake. Kama ni hivyo, ukiificha glasi na kukwepa meza, utakuwa umemnyang'anya vyote viwili, naye ataupata unga kwa njia nyingine. Muulize. Kesho kaa naye saa ile ile, na maji matupu, wewe na yeye.

Na mkiwa hapo mezani, chukueni kalamu. Andikeni tarehe mliyoanza, vijiko vingapi kwa siku na lini vilianza kuongezeka, siku ya mwisho kunywa, majina ya vidonge vyake vyote, na siku midomo ilipoanza kufa ganzi. Vijiko ataje yeye, wewe uandike. Mkienda kliniki, karatasi hiyo ikae kwenye mkoba wa mama.

Niandikie mkirudi.

Shangazi